Saa Saba ya Banda la Video

Enzi zetu shikamoo ilikuwa na kituo. Ukikutana na mtu mzima njiani, hata kama una ndoo ya maji kichwani, unasimama, unatoa shikamoo yako, unasubiri. Marahaba ikija ndipo unaondoka. Mzee akiwa mzito wa kusikia unarudia, na maji yanakumwagikia shingoni. Watoto wa siku hizi wanaitupa shikamoo wakiwa wameshapita, marahaba inawakuta kwenye kona. Wengine wanaituma kwenye simu ikiwa imenyofolewa irabu zote, sijui wanabana matumizi ya nini. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma, na nitalirudia.

Mimi ni wa Mamba, kule juu kwenye tangawizi, wilaya ya Same. Wa rika langu mliokulia milimani mtanielewa. Asubuhi tulikula makande yaliyolala, yakipashwa moto kwenye chungu mpaka chini yanashika ukoko, na huo ukoko ndio tuliougombania. Tulikwenda shule kila mtoto na kuni yake begani, na kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Mikono yetu ilinuka tangawizi mpaka kanisani. Mchungaji akikupa mkono mlangoni, na wake unanuka hivyo hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa moja tu, ofisini kwa mwalimu mkuu, na humo tuliingia kuchapwa, nani angekuwa na nafasi ya kuangalia saa. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na ukurasa wa kusoma saa ulikuwa umechanwa tangu kabla yetu. Baba yangu naye hakuwa na saa. Alipima muda kwa kivuli cha nyumba na kwa ndiva, lile bwawa la mfereji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi watu wamwagilie kwa zamu. Akisema "nikukute shambani ndiva ikifunguliwa", hukuuliza ni saa ngapi.

Nilipokuwa darasa la sita ikaja video. Aliileta kijana mmoja aitwaye Elirehema, aliyewahi kuishi Tanga. Alirudi na televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la mabanzi jirani na soko, na kila Jumapili baada ya ibada akawa anaonyesha filamu. Sisi watoto kiingilio chetu kilikuwa kipande cha tangawizi kinachojaa kiganja. Tangawizi tuliiba majumbani kwetu, na wote tulijua kwamba wote tunaiba. Wasichana hawakuingia, wazazi walisema ni mahali pa wahuni. Ndiyo maana dada yangu Nakunde, aliyenitangulia kuzaliwa na aliyekuwa na akili kunizidi mara mbili, hakuwahi kukanyaga pale.

Elirehema ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, Kiingereza chake kiliishia kidato cha pili, na penye pengo alijaza mwenyewe. Wazungu wote aliwapa majina ya Kipare. Jambazi katika kila filamu aliitwa jina la jirani yake mmoja waliyekuwa wanagombania mfereji, na kila Jumapili jirani yule aliuawa, sisi tukapiga makofi. Hakuna raha ya sinema niliyowahi kuipata tena kama ile.

Filamu ninayotaka kuisema ilikuwa ya mtu aliyerudi nyuma katika wakati. Alikuwa fundi wa reli. Mdogo wake alikufa kwenye ajali ya treni, basi akaunda mashine stoo kwake, akarudi mpaka siku ya ajali na kuizuia ile treni. Mdogo mtu akapona. Lakini fundi aliporudi siku zake za kawaida, akakuta mambo yote yamepinda. Mji una jina jingine. Mke wake ni wa jirani. Akabisha hodi kwa mama yake mzazi, mama akafungua mlango akamwuliza, "Wewe nani mwenzetu?" Kule kwetu mtu kukanwa na mama yake ni jambo zito kuliko kupigwa risasi. Ili arudishe mambo yalivyokuwa, ilibidi fundi arudi tena, awe relini kabla treni haijapita, na safari hii aamue kama ataizuia au ataiacha. Ikaonyeshwa saa kubwa ya stesheni, mshale uko kwenye saba. Elirehema akagonga kioo kwa fimbo. "Treni inapita saa saba kamili!"

Mimi ndiye niliyeuliza. Nilisema, kaka Elirehema, mbona jua ndiyo kwanza linachomoza? Akanitazama kwa huruma. "Mbonea, huko kwao kuna baridi. Jua linachelewa kuamka." Tukaridhika wote. Nilitoka pale nikijua kitu kikubwa kuhusu Ulaya. Mwisho wa filamu hatukuuona, kwa sababu fundi akiwa anakimbilia relini mafuta ya jenereta yakaisha, na Jumapili iliyofuata deki ikautafuna mkanda. Tulikaa miezi tukibishana aliizuia au aliiacha. Wanafunzi wangu wa leo wana filamu mia kwenye simu, wanaziangalia kwa kuzirusha mbele, na ukiwauliza imehusu nini wanasema, "Ilikuwa kali, ticha."

Mwezi uliofuata ikaja barua. Dada Nakunde alikuwa amemaliza kidato cha nne, ameomba chuo cha uuguzi, na usaili ungefanyika mjini Same siku ya Alhamisi. Kupata nafasi ile ilikuwa ndiyo kutoka. Asipoipata, anabaki kwenye matuta. Bahati mbaya yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa kijiji cha Bendera, kule bondeni, kwa shangazi wakivuna mahindi. Baba aliishia darasa la nne na Kiingereza hakukijua hata cha salamu. Akanipa mimi. Nikaisoma nikiwa nimesimama wima kama mchungaji. Siku niliijua, mji niliujua, na saa niliiona hii hapa, saba na nukta na sifuri mbili. Nyuma yake kulikuwa na herufi mbili ndogo, nikazidharau.

"Saa saba," nikasema.

"Una hakika?" Baba akauliza.

"Hakika. Hata kwenye filamu nimeiona."

Baba hakuwa mtu wa filamu. Aliniambia niipeleke barua kwa mwalimu mkuu aisome, ndipo tutume neno Bendera. Nikatoka na barua mfukoni. Njiani nikawakuta wenzangu kwenye mteremko wa nyuma ya shule, wanateleza juu ya vigogo vya migomba. Mnaukumbuka ule mchezo. Unakaa, unashika, mwenzako anakusukuma, na kaptula ndiyo inayolipa. Nikasema nitateleza mara moja. Niliteleza mpaka kivuli kikageuka, na kwa mwalimu mkuu ni kupanda kilima kizima. Nikarudi nyumbani, nikamwambia baba, "Mwalimu kasema hivyo hivyo. Saa saba mchana."

Baba akaiweka barua ndani ya Biblia. Hakuituma, aliogopa konda wa basi angeipoteza. Alimpa konda neno la mdomo tu: Nakunde awe Same Alhamisi, saa saba. Barua ingemfikia yeye mwenyewe asingekosea. Wa kidato cha nne wanazijua hizo herufi mbili.

Alifika saa sita, na alijisifu moyoni kwamba amewahi. Kiatu alikuwa ameazima kwa binti wa shangazi. Mlinzi akamwambia usaili ulifanyika saa moja asubuhi, walioitwa wameshaondoka, na wakubwa wako kwenye chakula. Akawasubiri. Walipotoka wakamwambia majina yameshafungwa, ajaribu mwaka mwingine. Mwaka mwingine mama alikuwa mgonjwa, na uliofuata Nakunde akaolewa palepale Mamba, nyumba ya pili kutoka kwetu.

Jioni aliyorudi tulikuwa tunakula. Hakuketi. Aliichukua ile barua kwenye Biblia, akaisoma, akauliza, "Nani alisoma hii?" Nilikuwa na tonge la ugali mkononi, sikulipeleka mdomoni wala sikulirudisha. Baba alinitazama kidogo tu.

"Niliisoma mimi," akasema baba. "Nikakosea."

Kesho yake alinichukua tukafungue ndiva. Alfajiri hiyo alikuwa ameshakutana na mwalimu mkuu njiani, kwa hiyo alijua kila kitu, na mimi nilikaza makalio nikisubiri fimbo. Hakunipiga. Aliniambia hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Dada yako atakaa na wewe miaka mingi kuliko atakavyokaa na mimi. Akichukie kinachoondoka mapema." Akazibua maji, tukamwagilia.

Ninyi mnaodhani hiyo ilikuwa hekima, sawa. Mimi nilikuwa mtoto, nilifurahi tu kwamba nimepona. Lakini nililiona lililofuata. Nakunde hakuacha kumwamkia baba, kwetu hilo lisingewezekana. Alimwamkia akiwa amempa mgongo. Anasema shikamoo huku anachochea moto, au anatoka mlangoni, na marahaba ya baba inabaki ndani peke yake. Baba hakuacha kuiitikia hata siku moja. Aliiitikia kwa sauti kamili, kama mtu anayeangaliwa usoni. Iliendelea hivyo mpaka tulipomzika, pale migombani, upande wa chini wa nyumba yetu. Mimi wakati huo nilikuwa nimesoma, nimekuwa mwalimu. Mnataka kucheka? Wa Kiingereza. Kila mwaka somo langu la kwanza kwa kidato cha kwanza ni saa, wiki nzima saa, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kwa nini. Mara ngapi nilipanda Mamba nikiwa nimejiandaa kumwambia dada ukweli, nikashuka na mfuko wa tangawizi bila kusema neno. Nilikuwa mwoga. Sina jina jingine la kujiita.

Krismasi iliyopita tulikuwa kwake uani, tumekaa tunakwangua tangawizi. Nakunde magoti yamekwisha, vidole vimepinda kwa jembe. Binti yake Neema, wa kidato cha nne, alikuwa na simu yake kama kawaida yao, kichwa chini, sahani ya wali inapoa. Mara nikasikia mlio wa treni na kengele ya stesheni. Nikainama nikaangalia. Ilikuwa ile ile, fundi na mashine yake.

"Mjomba unaijua hii? Ni ya zamani hiyo," Neema akasema.

Nikawahadithia habari za Elirehema, jambazi wa mfereji, tangawizi za wizi. Dada alicheka mpaka akaweka kisu chini. Sijui kama nilikuwa nimemchekesha hivyo tangu tukiwa wadogo. Ikafika ile saa kubwa. Nikasema, "Hapo sasa, treni inapita saa saba kamili."

"Saa saba?" Neema akasema. "Mjomba nawe. Hiyo ni saa moja asubuhi. Si unaona jua linachomoza?"

Dada yangu aliacha kucheka. Alinitazama, kisha akaitazama simu, kisha akanitazama tena.

"Mlikuwa mnaambiwa ni saa saba," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Barua yangu ilisomwa na nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mteremko, migomba, mwalimu mkuu ambaye sikufika kwake, na uongo niliompa baba. Neema alikuwa ameshaizima sauti. Nilisubiri dada anitukane, ilikuwa haki yake, hata kofi ningelipokea na kushukuru. Alichukua tangawizi nyingine akaikwangua yote mpaka ikabaki kidogo sana.

"Mimi nilijua baba Kiingereza hajui," akasema. "Nilijua kabisa asingeisoma mwenyewe, angeipeleka kwa mwalimu. Na mwalimu asingekosea saa. Kwa hiyo nilijua amefanya makusudi. Hakutaka niende, alitaka mikono ya shamba. Nilimchukia kwa hilo, Mbonea. Siyo kwa kukosea."

Nilianza kuokota maganda ya tangawizi chini, moja moja.

"Kumbe alitaka niende," akasema.

Neema kwa kutaka kutuokoa alisema, "Mama, fundi ameiacha treni ipite. Hakuizuia." Basi ndivyo nilivyoujua mwisho wa ile filamu, miaka yote hiyo, na nilikuwa sina haja nao tena. Enzi zetu Elirehema alirudisha mkanda nyuma kwa mkono, anazungusha taratibu, na sisi tunasubiri. Siku hizi Neema anaweka kidole, anavuta, mtu aliyekufa anasimama. Wanafikiri kila kitu kinarudishika hivyo. Sisi tulikuwa na muda wote wa kusubiri, na mimi niliutumia kukaa kimya.

Asubuhi yake niliamka nikakuta dada hayupo jikoni. Nilimwona kutoka uani, yuko chini kwenye migomba ya kwetu, amejifunga khanga yake ya kanisani, na kwa magoti yale sijui aliteremkaje. Alikuwa amesimama mbele ya kaburi, ameligeukia. Nilimsikia akisema, "Shikamoo, baba."

Kisha hakuondoka. Alisimama palepale, mikono ameikunja mbele, anasubiri.