Mkalimani wa Burumba

Harufu ya gunia lililolowa mvua hunirudisha Burumba, mtaa wetu wa mpakani Busia, hata leo, popote niwapo. Kibanda cha video kilikuwa cha mabati, nyuma ya maegesho ya malori, na madirisha yalizibwa kwa magunia ili jua la alasiri lisiingie. Ndani mlinuka vumbi la mahindi, petroli ya jenereta na jasho la matingo, wasaidizi wa madereva, waliosubiri kuvuka kwenda Uganda. Kando ya televisheni alisimama jirani yetu, Mzee Okiru, na fimbo yake. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Yeye alizitafsiri kwa Kiswahili, na kwa Kiteso mambo yalipochacha. Akisema jambazi analia kwa kumwacha mamake kule Mundika bila kuni, nasi tulilia. Mimi alinikalisha mbele kila Jumamosi.

Kisha nikafika darasa la sita, nikawa wa kwanza kwa Kiingereza, kichwa kikavimba. Jumamosi moja daktari kwenye filamu alimwambia mwanamke kwamba mumewe amekufa. Mzee Okiru akasema, "Anamwambia, mama, enda upike, bwanako atafika jioni." Mwanamke akaangua kilio. "Hiyo ni furaha," akaongeza. Nikasimama mtoto mimi, sina haya. "Mzee, amesema bwanake amekufa. Wewe hujui Kizungu."

Watu walicheka hadi mabati yakatikisika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi tafsiri wewe, mwalimu," akaegemeza fimbo ukutani, akatoka. Nilitafsiri kila neno sawasawa, na kabla filamu haijafika katikati matingo walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Hata hivyo mwenye kibanda hakumwita mzee tena. Alisema hawezi kuweka mwongo. Mzee akarudi kwao Mundika kuziba pancha za baiskeli, na watoto wakawa wanamwita Bwanako Atafika. Jina hilo nililianzisha mimi, njiani tukitoka shule. Asante ya punda ni mateke.

Siku hizi natengeneza filamu zangu mwenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yangu, na zimeniletea tuzo na sifa. Nikiulizwa nani alinifundisha kusimulia, hutaja chuo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ninavyojibu. Mwaka jana nilionyesha filamu yangu katika ukumbi wa kanisa mjini Busia, nayo, aibu juu ya aibu, ni ya Kiingereza. Kutoka safu ya nyuma yangu nikasikia sauti niliyoijua ikimnong'onezea bibi mmoja. Kwenye skrini mjane wa filamu yangu alikuwa akifunga mlango ili ahame. "Anazuia kuku wasiingie," sauti ikasema. "Bwanake akifika, akute nyumba safi." Bibi akajipangusa macho. Haikuwa hadithi yangu. Yake ilikuwa nzuri zaidi. Nilitaka kugeuka nimwambie, mzee, nisamehe. Nilimsikiliza hadi mwisho bila kugeuza shingo, na taa zilipowashwa nikatokea mlango wa mbele nisipite alipoketi, haraka, kama mtu aliyeitwa.