Mstari wa Mto, Mstari wa Mpunga

Hivi wewe, ukionyeshwa mstari unashuka, unafurahi au unalia? Mimi nilipiga kigelegele!

Miaka ya tisini hiyo, naishi Ifakara. Binti yangu kaenda kulinda mpunga ng'ambo ya mto, ndege wasiumalize. Mtoto kamwachisha ziwa, kaniachia mimi. Ndivyo tunavyofanya huku. Basi kila mwezi nambeba kliniki. Ananing'inia kwenye mzani kama kambale sokoni, nesi anachora kwenye kadi.

Sasa ile kadi! Mistari imekatana, rangi juu ya rangi, vinamba kama siafu. Nesi akapitisha kidole: "Bibi, unaona? Mstari wa mtoto unashuka."

Mimi kigelegele. Wamama kwenye benchi wakaangua kicheko. "Leo bibi kapata mchumba nini?"

"Mstari wa mtoto umeshuka!"

"Ee! Hongera, bibi!"

Si kivukoni tunatazama nguzo ya kupimia maji? Alama ya maji ikishuka, mafuriko yanakwisha, watu wanavuka. Kwetu kushuka ni salama.

Nesi hakucheka. Akageuza kadi, nyuma kweupe, akachora mistari miwili tu.

"Bibi, huu si mto. Huu ni mpunga. Huu unaopanda ni wa mtoto mwenye afya. Huu mwingine ni wa mjukuu wako. Mpunga ukirudi chini, ndiyo nini?"

"Unakufa," nikasema.

Nikakaa sakafuni na mjukuu wangu. "Binti yangu nitamwambia nini, nesi? Kila anayevuka anamtuma aniulize, nami najibu mtoto mzima."

"Mlishe kwanza, bibi."

Kumbe nilikuwa nampa uji mweupe, maji na unga basi. Nikatwanga karanga, nikaponda samaki. Anatema. Namlisha huku nalia. Mwezi uliofuata mstari ukalala tu, haupandi haushuki, nami usingizi sina. Mwezi wa baada yake ukanyanyua shingo kidogo. Nikakaza mdomo, naogopa, mpaka nesi akasema, "Sasa piga, bibi."

Nilipiga mpaka mtoto akalia!

Mwenyewe ndiye huyu hapa jikoni, anakwangua ukoko wa wali. Anasomea unesi. Juzi nimemsimulia, akacheka. "Bibi," akasema, "nakuahidi, kabla sijamwonyesha mama yeyote mstari, nitamwambia kwanza kama ni wa mto au wa mpunga."