Mume wangu alipozwa mwili ICU, mguu ukalala: kuna jambo nilimficha daktari

Habari za Jumapili wakuu. Mimi huwa msomaji tu humu, na shule yangu ni ndogo, nikikosea mnirekebishe. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu, chumvi sijaongeza.

Tunaishi Falls Church, huku Marekani. Mume wangu, Baba Salma, moyo ulisimama akiwa kazini. Wenzake walimbonyeza kifua mpaka ambulance ikafika.

ICU wakamlaza usingizi wa dawa, wakamfunga mapedi ya maji baridi mwilini mpaka miguuni, ili kuukinga ubongo. Nikamgusa. Baridi kama samaki wa friji.

Sasa kosa langu. Nesi alipotoka, nilichukua kanga nikamfunga miguu pamoja, chini ya magoti, nikakaza. Niliona namsaidia apate joto. Ilikaa saa nzima, labda zaidi, siwezi kuapa. Nikaifungua mwenyewe, kimya.

Alizinduka anatujua wote. Alhamdulillah! Ila mguu wa kulia ulining'inia, vidole havinyanyuki. Daktari akasema neva inayopita pembeni ya goti imeumia.

Ndugu wakaja juu, "Shitakini hospitali!" Chakula kikanishinda. Niwashitaki watu na kanga ninayo kwenye mkoba?

Nikasema yote mbele ya mume wangu na nesi mmoja Mkenya. Daktari naye akaitwa. Akasema huenda ni kanga, huenda mapedi, baridi yenyewe, au kulala muda mrefu bila kujigeuza. Hawezi kujua.

"Ungetushow mapema, mum," nesi akaniambia. "Lakini usijiblame sana. Neva hupona, pole pole."

Baba Salma akanitazama. "Kumbe ulinifunga kama kuku wa sikukuu!" Akacheka. Mimi nikalia.

Akapewa kifaa cha kushikilia mguu, na mazoezi kule Annandale. Nyumbani kipimo chetu kilikuwa ndala. Kila hatua mbili inabaki nyuma, na Salma, miaka sita, anaokota: "Daddy, your shoe!"

Miezi ikapita hivyo.

Jana Baba Salma alitoka kwenye kochi mpaka mlangoni. Salma akainama kama kawaida yake, akakosa cha kuokota.

Nililojifunza: ukimfanyia mgonjwa chochote, mwambie nesi hapo hapo, hata kama ni upendo.

Aliyepitia hili, ulirudi kuendesha gari baada ya muda gani? Daktari hajaruhusu bado, lakini Baba Salma tangu asubuhi anatembea na funguo za gari mfukoni.