Zamu ya Kimya Kusimamia Sakafu

Fundi rangi mmoja alifanya kazi chini ya bosi yule yule kwa miaka kumi na minne, na muda wote huo hakuruhusiwa kuchagua hata brashi. Bosi alipostaafu, fundi aliachiwa vijana wanne awaongoze, akajikuta hajui kutoa amri hata moja. Hiyo ndiyo asili ya Jumamosi zake.

Kila Jumamosi yeye na wavulana sita wa sekondari ya jirani hupaka rangi majengo ya shule yao. Kwa zamu, mmoja wa wavulana huwa msimamizi wa siku, ajifunze mapema kutoa amri. Fundi huvaa ovaroli kama wengine na kutii. Sharti lake ni moja: hatoi ushauri mpaka msimamizi amuulize.

Kimya, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa amekwepa zamu yake mara tatu. Safari hii alikubali shingo upande. Fundi alijua fika kwamba mambo yakimharibikia, kijana hatarudi.

Kazi ilikuwa sakafu ya maktaba. Kimya alitazama huku na huku, akatoa amri.

"Tuanzie mlangoni."

Fundi alitazama mlango, mmoja tu. Akatazama madirisha, yote yana nondo. Alitaka kumwonya. Lakini angemwonya mbele ya wote, wavulana wangejua amri ya Kimya haina uzito. Akachovya rola, akaanzia mlangoni.

Saa mbili baadaye walikuwa saba kwenye kona, migongo ukutani, wamezingirwa na rangi mbichi.

"Hongera, bosi," akasema kijana mmoja mrefu waliyemwita Mdomo. "Tulale hapa au tuote mabawa?"

"Mama atanitafuta," akasema mwingine.

"Mwambie uko maktaba," Mdomo akamjibu. "Atafurahi."

Wakacheka. Kimya alimgeukia Fundi. Fundi akasubiri swali, lakini halikuja.

"Nimekosea mimi," Kimya akasema. "Vueni viatu. Mdomo, una miguu mirefu, tangulia. Wengine kanyageni pale pale alipokanyaga. Mimi nitakuwa wa mwisho, nifute nyayo kwa rola nikirudi kinyumenyume."

"Na Fundi?"

"Abebe debe."

Fundi akabeba debe.

Baadaye, wakisugua rangi miguuni kwa mafuta ya taa pale bombani, Kimya alisogea karibu naye.

"Uliona tangu mwanzo?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Hukuniuliza, mwanangu."

Kimya alisugua kisigino. "Hapo ulinikosea, Fundi."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa shukrani, pengine hata kwa machozi, lakini si kwa hukumu. "Wewe ungefanyaje?"

"Ungeniita pembeni, wenzangu wasisikie."

Jumamosi iliyofuata walianza na sharti jipya: Fundi akiona msimamizi anakosea, atamwita nje wakanywe maji, amwambie huko. Fundi aliposimama kulitangaza, Kimya alikuwa ameshawaeleza wenzake.