Kiti Kimoja Mbele ya Spika Mbili

Nakumbuka alasiri moja ya Ijumaa, mwanangu, ami yangu Mzee Faki alipotoka Gando kuja kunitazama Wete. Nilikuwa mwalimu kijana, sijatimiza mwaka tangu kumuoa Mize, na nyumbani kwangu kulikuwa na chumba ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikisimulia.

Chumba hicho nikueleze vizuri. Kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati aliniletea mashine ya santuri, amplifaya na spika mbili kubwa za mbao. Nilizipima kwa kamba, nikazisogeza kidole kwa kidole, nikatundika mikeka ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Mwisho nikapata mahali ambapo ukikaa, ni kama spika hazipo: mwimbaji yuko mbele yako, fidla kushoto kwake, ganuni kulia. Hapo nikaweka kiti. Kimoja. Ukikaa kando yake kidogo, fidla ilizidi au ganuni ilipotea, na mie sikuona maana ya mtu kusikiliza kitu kilichopinda.

Mize mwanzoni alikuwa akija na ungo wake wa mchele, akikaa chini kwenye mkeka, akichambua huku akiimba pole pole. Aliimba vizuri, lakini hakuwamo kwenye santuri. Nilimnyanyulia kidole anyamaze. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye akaacha kuimba. Kisha punje za mchele zikaanza kunikera zilipogonga ungo, nazo nikazinyanyulia kidole. Akauhamishia ungo jikoni.

Basi Ijumaa ile nilimkalisha Ami Faki kwenye kiti changu. Akasikiliza wimbo mzima, mikono juu ya bakora. Ulipokwisha alitikisa kichwa kwa kupendezwa, kisha akakitazama chumba.

"Mkeo hukaa wapi?"

"Yuko jikoni, Ami. Anasikia kutoka huko."

Akamwita. Mize akaja akasimama mlangoni, mikono ina unga, akamwamkia.

"Njoo ukae, mwanangu."

"Mie nshazoea kule, Ami. Humu mwenyewe huwa ana kazi."

Ami akanigeukia. "Kazi? Weye umeoa, au umeajiri mpishi?"

Mize alificha uso kwa mtandio akacheka. Mie sikucheka. Nilimweleza Ami kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi, kwamba sauti za spika mbili hukutana mahali pamoja tu, na anayekaa pembeni huisikia moja zaidi ya nyingine.

"Basi isikie moja zaidi," akasema. "Sogea, mwenzio apate pa kukaa. Kwani utapungukiwa na nini, fidla?"

Nikamjibu, "Inshallah, Ami." Moyoni nikasema, huyu mzee wa shamba, sauti nzuri ataijulia wapi. Alipokwenda zake nilikirudisha kiti mahali pake, maana alikuwa amekisogeza kidogo.

Miaka ikapita. Santuri zikaja kufuatwa na kaseti, kaseti na sidii, na kila kipya nilikinunua. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa. Nilipostaafu, nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kutaka. Ndipo nikaingiza kiti cha pili, nikazipanga spika upya, nikamwita mke wangu.

Alikuja. Alikaa mgongo wima, mikono pajani, kama mtu aliyeitwa ofisini. Niliweka taarabu ya zamani niliyojua anaipenda, nikawa namtazama midomo. Haikutikisika. Kikohozi kilimjia, akakimeza. Wimbo ulipokwisha akaniuliza kwa adabu:

"Nshaweza kunyanyuka?"

Mwanangu, mie sikumpiga mke wangu wala sikumnyima chakula, na kwa ajili hiyo nilijihesabu mume mwema miaka yote. Kumbe nilimfundisha kwamba kuwapo kwake ni kelele, na somo hilo alilishika kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Nimemwomba radhi. Husema yashapita. Lakini hadi leo, muziki ukianza, husimamisha maneno katikati, hata kama ni mimi ninayemwomba aendelee.

Kuipenda sauti nzuri si kosa. Bado naipenda, na wewe na spika zako za masikioni sikulaumu. Ninalokuusia ni hili: mtu wa nyumbani kwako akija kukaa karibu nawe, mpishe siku hiyo hiyo. Sogeza kiti. Toa spika moja sikioni. Akiimba juu ya wimbo, mwache aimbe, kwani wimbo utaupiga tena kesho kama ulivyo, na yeye hutampata tena kama alivyo leo. Ukiambiwa na mkubwa wako, usimpime kwa asiyoyajua. Mie niliambiwa mapema, nikiwa na umri wa kurekebisha, nikaitikia kwa mdomo tu.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie masikio yako mpaka uzeeni, na akujaalie nyumba ambayo watu wake hukohoa bila ya kukutazama kwanza. Amin.