Mguu wa Kaka Hamisi na Raba ya Klachi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ujenzi, Lindi, nilivaa gauni nililoshonewa Idi, maana mama alishikilia kwamba kazi ya serikali huendewa kwa heshima. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kimakonde mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanitazama toka juu hadi chini. "Binti, gauni zuri," akasema. "Sasa ingia chini ya lori lile." Nikaingia. Gauni lile halikuiona Idi nyingine.

Mkuu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi, ila moja alilirudia kila gari lilipoingia. "Msikilize mwenye gari, lakini usimwamini. Hasemi uongo kwa makusudi. Anasema anachokiogopa." Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Kwake ndiko nilikojifunza klachi ya mafuta, na nitaieleza, maana vijana wengi mnaendesha magari ya otomatiki, mguu wa kushoto umestarehe kama mgeni wa heshima. Klachi huachanisha injini na gia boksi ili ubadili gia. Kwenye klachi ya mafuta, pedeli husukuma silinda ya juu, tunayoiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia paipu nyembamba hadi silinda ya chini, ubavuni mwa gia boksi, nayo husukuma mkono wa klachi. Ndani ya kila silinda mna raba ya kuzuia mafuta yasipite. Raba ikichoka mafuta huvuja, upepo huingia, pedeli hulegea na gia hulia.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa Masoko, chini ya Msimamizi wa Magari, mwenyeji wa Kisiwani, mtu wa utani asubuhi hadi jioni. Ulikuwa wakati wa uhaba. Mafuta ya breki yakikosekana, madereva walijaza maji ya sabuni, na gari lilikwenda kweli, mpaka raba zilipooza. Siku moja nilifungua masta, povu likanifika viwikoni. Msimamizi akamwita dereva: "Bwana wee, humu unaendesha au unafua?"

Kutoka Kilwa nikapelekwa kambi ya barabara ya Milola, ambako hapakuwa na karakana wala shimo la kushukia chini ya gari. Tulitandika turubai, tukapiga jeki, tukaweka magogo ili gari lisituangukie, kazi ikaenda. Nilipostaafu nikarudi Lindi, na turubai langu nikalileta.

Sasa nije kwa kaka yangu Hamisi. Ana gari dogo kuukuu, saluni, analolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na tangu mkewe afariki, gari hilo ndilo linalomtoa nyumbani. Huswali msikiti ule ule wa ujana wake, ng'ambo ya mji, na akirudi huwapitia wenzake barazani. Siku moja nilimkuta amekaa kibarazani, funguo mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Naacha kuendesha, mdogo wangu. Mguu umeisha nguvu. Nakanyaga klachi, gia zinalia. Shaibu anakuja Ijumaa. Atalichukua gari, na mimi ananichukua nikaishi naye Dar."

Aliyasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulia. Moyo uliniuma. Shaibu ni mwanawe wa pekee, mtoto mwema, lakini Dar kaka angekuwa wa kupelekwa na kurudishwa.

"Ukikanyaga mara kadhaa harakaharaka, gia inaingia?"

"Inaingia. Lakini nachoka."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mkuu wangu. Mguu dhaifu hauponi kwa kukanyaga zaidi. Mafuta yaliyopungua ndiyo hujikusanya ukipampu. Nikafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa karibu kukauka. Nikatandika turubai, nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Silinda ya chini kavu. Paipu kavu, nimeipapasa yote. Nikarudi ndani, nikashika kizulia cha chini ya pedeli. Kimelowa.

"Hayo maji ya udhu," kaka akasema. "Natawadha nyumbani, naingia pekupeku. Kila siku kinalowa, kila siku nakianika."

"Na kinakauka?"

Akainama, akakigusa. "Siku hizi hakikauki."

Nikasugua vidole, vikateleza. Maji ya udhu hayatelezi hivyo, wala hayabambui rangi ya sakafu. Masta ilikuwa inavujia ndani, mafuta yanafuata fimbo ya pedeli hadi kwenye kizulia, naye kila siku akiyahesabu kuwa ya ibada. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Yaani si mguu?"

"Si mguu, kaka."

Akageuka upande wa ukuta, nami nikajifanya natafuta spana.

Nilifunga masta mpya, nikajaza mafuta ya kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, maana hewa yetu ya pwani huyatia unyevu upesi. Ikabaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili: mmoja kwenye pedeli, mwingine chini anafungua na kufunga nati ya silinda. Nikampa pedeli mwenye mguu mbovu. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Tukaendelea hadi mapovu yakaisha, na mguu ule haukulalamika hata mara moja.

Watu huniuliza kama kustaafu hakunichoshi. Hakunichoshi. Zamani gari likitoka karakana sikujua lilikokwenda. Sasa najua, na mara nyingine napakiwa.

Ijumaa Shaibu alifika, akanisalimia, "Shikamoo shangazi," kisha akanyoosha mkono apewe funguo. Kaka hakumpa.

"Baba, na mguu?"

"Mguu mzima. Raba ndiyo iliyozeeka. Zunguka upande wa pili, tutachelewa Ijumaa."

Nilikaa kiti cha nyuma. Gia ya kwanza ikaingia kimya, ya pili kimya. Shaibu alikuwa ameinama, anautazama mguu wa baba yake unavyopanda na kushuka. Kaka akasema, macho yake barabarani, "Mwanangu, funga mkanda."