Unga wa Chapati Ndani ya Bunduki

Nilimkokia Shosho, bibi yangu mzaa mama, bunduki. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa binamu zangu wa Garland, maana wao watakuambia nilimwelekezea. Uongo. Mtutu ulikuwa unaangalia friji. Na haikuwa na risasi, Anko, ndugu yake Mama, aliikagua siku ilipoletwa, akarudia tena, halafu akaniambia, "Ukiigusa hii nitakurudisha Kenya kwa mguu."

Basi nikaigusa.

Shosho alikuwa jikoni kwetu hapa Grand Prairie, Texas, anasukuma chapati, amenipa mgongo. Nikanyata na soksi hadi mlangoni, nikavuta kile chuma nyuma, nikakisukuma mbele. Kra-chak! Halafu kwa sauti nene ya sinema: "Mikono juu!"

Nilitarajia anirushie kitu. Shosho ni mtu wa kurusha. Aliwahi kunipata na ndala ya kisogo kutoka upande wa pili wa maegesho ya kanisa, mbele ya mchungaji, na mchungaji akapiga makofi. Safari hii hakurusha. Alishuka. Sisemi alianguka, alishuka. Goti lile bovu lililomleta Amerika kutibiwa, ambalo halikunjiki hata akiingia kwenye gari, lilikunjika. Akachuchumaa sakafuni, mikono kichwani, vidole vimefungana, uso chini. Unga ukajaa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Shosho, ni mimi. Ni mchezo tu."

Hakuinua uso. Akasema kitu kwa Kikuyu, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto mdogo. Kikuyu changu ni cha kuomba chakula na kuomba msamaha, lakini maneno hayo niliyaelewa: mama yuko shambani.

Nikaitupa bunduki kwenye kaunta, juu ya unga, nikaenda kumwinua. Alikuwa mzito kama mtu anayekataa kuinuliwa. Chapati ikaungua mpaka king'ora cha moshi kikalia, na hata kile hakikumshtua.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya jirani, mzee mmoja Mzungu aliyekuwa na vidonda vya sukari miguuni. Mama ni nesi. Akitoka zamu alikuwa anapita kwake kumfunga bandeji, bure, kwa sababu eti jirani ni jirani. Mzee alipokufa, binti yake akaja na kitu kirefu kimefungwa kwenye blanketi. Akasema baba yake aliacha neno kwamba hii apewe yule mama wa Kenya. Wengine wanaachiwa vyombo vya udongo. Mama akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akaisimamisha ndani ya kabati la nguo, kati ya koti la kanisani na magauni ya harusi za watu. Hakuna aliyemwambia Shosho. Tuliona hakuna haja.

Baada ya siku ile ya chapati nyumba ilibadilika. Sijui niseme vipi bila kuonekana nimetazama filamu nyingi. Vitu vilianza kulia kama bunduki. Mlango wa maikrowevu. Mkanda wa kiti cha gari. Mashine ya kufulia ikimaliza kuzungusha, kra-chak, na pale sebuleni mikono ya Shosho inainuka mapajani, inasimama hewani, inashuka tena. Mwenyewe kama haioni. Mimi ambaye nacheka hadi mazishini nikajikuta nafunga milango kwa vidole viwili. Na usifikiri ni yeye tu. Darasani mtu akibonyeza kalamu, mgongo wangu unajibu.

Kisha Shosho akafungasha. Sanduku likasimama mlangoni na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mpini, tayari kwa ndege.

"Mami, na goti?" Mama akamuuliza. "Hata daktari hajakuona."

"Goti ni langu. Nitaenda nalo."

"Kwani tumekukosea nini?"

Shosho akanitazama, nikatazama zulia. Mpaka hapo Mama alikuwa anajua tu kwamba nilimshtua mamake kwa bunduki nikicheza kijinga. Kilichonifanya nikose usingizi ni ile sauti ya mtoto, na hiyo sikuwa nimemwambia mtu.

Mama akaamua bunduki itoke. Anko akasema itoke sawa, lakini tujue bei kwanza, labda italipia goti. Binti wa marehemu akatuelekeza kwa mtu mmoja Houston anayenunua silaha za zamani za jeshi tu. Mama alikuwa zamu Jumamosi hiyo. Shosho akasema anakuja.

"Safari ni ndefu, Mami," Anko akasema. "Baki upumzike."

"Nataka kuona inakoingia."

Akakaa kiti cha mbele. Bunduki iko buti, mimi nyuma, katikati yao kama mfungwa. Tulikwenda saa nzima. Kisha Shosho akaongea akiangalia malori.

"Hawakuwa wanapiga hodi."

"Akina nani, Shosho?"

"Askari wa mkoloni. Wakati wa emajensi, wakisaka Mau Mau. Hiyo uliyofanya na chuma, hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao. Ukiisikia unachuchumaa, mikono kichwani, unasema mama yuko shambani. Hata kama yuko nyuma ya mlango."

Anko akazima redio. Ni mtoto wake wa kumzaa, ana mvi, na nilimwona kwenye kioo: alikuwa hajawahi kusikia.

"Na alikuwa wapi?" akauliza.

"Siku nyingi alikuwa shambani kweli."

Na sisi, wanaume wawili wa nyumba hiyo, hatukuuliza kuhusu hizo siku nyingine.

Mnunuzi alikuwa jamaa mkubwa mwenye ndevu na miwani ndogo, anayeongea polepole kama yuko maktaba. Akavaa glavu, akailaza bunduki juu ya taulo, akainusa mbao. Kisha akakunja uso, akachukua brashi ndogo na kufagia karibu na chemba ya risasi.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Unga," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa chapati."

Akafagia vizuri zaidi. Akaigeuza, akamulika tochi herufi zilizogongwa kwenye chuma. Hapo ndipo aliposisimka. Akasema imetengenezwa Uingereza, ziko nyingi, bei yake ni ya kawaida. Lakini hizi herufi zinaonyesha ilikuwa ya serikali ya kikoloni, kule Kenya, na hizo hazionekani sana huku.

Nikamtafsiria Shosho kwamba bunduki imetoka Kenya.

"Najua," akasema. "Muulize, jina la aliyeishika limeandikwa wapi?"

Nikauliza. Jamaa akatikisa kichwa. "Bunduki ina namba. Aliyeishika hana."

Kisha akamwangalia Shosho, umri wake, kitambaa chake, akaunganisha. Akaniambia kwa upole kabisa, na nasema haki, hakuwa mtu mbaya: wanunuzi wanapenda silaha yenye historia. Kama bibi anatoka sehemu hizo, anakumbuka, na yuko tayari kusema bunduki kama hii, au hii yenyewe, ilifika kwao, basi itaandikwa, atie sahihi, na bei itapanda karibu mara mbili.

"Anataka nini?" Shosho akauliza.

"Anataka useme ni hii."

"Mwambie ailize."

Jamaa akavuta chuma nyuma, akakirudisha. Kra-chak. Mikono ya Shosho ikaanza kupanda. Ilifika usawa wa masikio. Akaiteremsha mwenyewe, kidogo kidogo, mtu anavyoteremsha mtoto anayetaka kupanda meza, akashika mkoba.

"Zote hulia hivyo," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwambie ni hii. Kama hiyo pesa itamsaidia mama yako, mwambie ni hii."

Mimi ndiye mkalimani. Kazi ya mkalimani inajulikana. Lakini nilifikiria ile karatasi ikifungwa pamoja na bunduki, mtu fulani akiitundika ukutani juu ya televisheni, wageni wakija anaivuta, kra-chak, anawasomea kuhusu msichana mmoja na mamake nyuma ya mlango. Na wageni wanaomba aivute tena.

"Amesema hapana," nikamwambia jamaa. "Siyo hii."

Anko anaelewa lugha zote zilizokuwa mle dukani. Akakohoa. Akaangalia dari, akaangalia viatu vyake.

"Ndivyo alivyosema," akasema.

Shosho hajui Kizungu kingi, ila hapana ya Kizungu anaijua. Alinitazama. Hakunirushia chochote. Tukachukua bei ya kawaida tukatoka, na tulipofunga mikanda ya gari, mikono yake ilipanda tena. Bunduki tumeiacha Houston, mlio tumerudi nao.

Nyumbani jioni Shosho alipita mlangoni, akalikuta sanduku lake. "Nani ameniwekea huu mzigo njiani?" akafoka. "Mnataka nivunje na hili goti lingine?" Akanionyesha kwa kidole, nami nikalirudisha chumbani kwake mbio.

Mama alikuwa ameketi jikoni na sare zake za kazini, viatu amevua. Nilimwambia yote, bila kichekesho hata kimoja: chapati, ile sauti ya mtoto, mama yuko shambani, hodi, bei mbili, na uongo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama ni kweli mamake alichuchumaa, nikasema ni kweli. Akaugeukia mlango wa chumba cha Shosho, uliokuwa umefungwa. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Goti tutalipa polepole. Na wewe, siku nyingine ukitaka kumchekesha mamangu, piga hodi kwanza."